Kuandaa mchezo wa nyimbo na vichekesho mtaani: tuliyojifunza Walukuba

Mtaa wetu wa Walukuba hapa Jinja ulijengewa wafanyakazi wa viwanda zama za mkoloni, na kabila zote zikamwagwa humo. Jirani wa kulia Msoga, wa kushoto Mwacholi, wa nyuma Mjopadhola, na anayeuza mandazi kona ile alitoka Kongo. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, chetu hichohicho cha kuvunjikavunjika. Kwa hiyo tulipoamua kuandaa mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo mwanzo hadi mwisho, suala la lugha halikutusumbua. Kilichotusumbua ni jambo ambalo hatukulifikiria kabisa: watu hawakusikia maneno. Onyesho la kwanza muziki ulikuwa mtamu, waigizaji walivaa wakapendeza, na ukumbi ukakaa kimya kama msibani. Mtu hacheki asichokisikia. Karibu kila hatua ninayoieleza hapa imetokana na jioni ile.

Kwanza, tafuta kisa ambacho watu wanakijua tayari

Usianze na kisa cha mbali kinachohitaji kuelezwa nusu saa. Sisi tulichukua mkutano wa harusi. Kila mtu mzima hapa Uganda ameshakaa kwenye kamati ya harusi: unaitwa baa au nyuma ya kanisa, unapewa karatasi ya bajeti, unaahidi pesa usizonazo, na wiki inayofuata unapita njia nyingine ili usikutane na mweka hazina. Kisa chetu kilikuwa hicho tu. Kamati inachanga, mweka hazina anakula, harusi imebaki siku tatu. Mtazamaji anaelewa kabla pazia halijafunguka, na akili yake yote inabaki huru kusikiliza utani.

Faida nyingine ni kwamba kamati ndiyo kwaya yako. Watu kumi na wawili wana sababu ya kukaa pamoja jukwaani, na hakuna atakayeuliza kwa nini wanaimba, maana mikutano ile ya kweli pia huimbwa, huombewa na kugombaniwa.

Usikubali akuambie mtu kwamba mambo haya ni ya kuazima Ulaya. Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba la Taifa la Maigizo Kampala, alipeleka mchezo wake wa nyimbo, *Oluyimba lwa Wankoko*, kwenye tamasha la sanaa za Waafrika, FESTAC, kule Lagos mwaka 1977. Aliporudi aliuawa na watu wa utawala wa Amin. Kabla yake, miaka ya 1960, wanafunzi wa Makerere walizunguka nchi na Free Travelling Theatre wakiigiza bure viwanjani kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Wazee wa hapa wana kumbukumbu ndefu kuliko tunavyodhani. Waulize kabla hujaandika.

Pili, andika nyimbo upya, usitafsiri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo michezo mingi inapofia.

Ukichukua wimbo wa Kiingereza ukautia Kiswahili, maneno yatafurika. Kiswahili kina silabi nyingi. Mahali ambapo mwenzako anatumia pigo moja kusema keki, wewe unahitaji mawili. Mwimbaji atakimbiza maneno ili aufikie mwisho wa mstari, na akikimbiza hasikiki. Anza na maneno, yaseme kwa sauti ukitembea, yasikilize yanavyojipanga yenyewe, kisha ndipo utafute mahadhi.

Kanuni moja tu inatosha kukuokoa: katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la ngoma lazima litue hapo. Kiitikio chetu kilikuwa kifupi: «Hazina haina!» Kwenye karatasi kilituchekesha sana. Mpiga ngoma wetu akakianzisha kwenye pigo zito, kwaya ikaimba HA-zina, HA-ina. Ukumbini kilichosikika ni «Ha! Ha!» tu. Kwaya ilikuwa inajichekea yenyewe, na watazamaji wakawa wanaitazama. Tulilirekebisha kwa dakika tano: «ha» ikaimbwa kabla ya pigo, nyepesi, na ngoma ikadunda kwenye «zi» na kwenye «i». Ha-ZI-na ha-I-na. Onyesho lililofuata ukumbi mzima ulikuwa ukiitikia pamoja nasi kufikia mara ya tatu.

La pili ni mahali pa kuweka neno lenyewe la kuchekesha. Liweke mwisho wa mstari, lisitanguliwe na dalili. Katika wimbo wa bajeti tuliandika kwanza hivi: «Shemeji mwenye upara naye kaombewa saluni.» Hakucheka mtu, kwa sababu upara umeshatajwa na saluni haishangazi tena. Tukageuza:

*Keki laki tano, hema laki nne,*
*gari la shangazi, na la rafiki lingine,*
*saluni ya mama, saluni ya Sara,*
*saluni ya shemeji — na shemeji ana upara!*

Baada ya «upara» wanamuziki wananyamaza mapigo mawili kamili. Si moja. Kicheko kinahitaji nafasi ya kuingia, na ukikosa kuipa, mstari unaofuata utamezwa na kicheko, na kicheko chenyewe kitakatwa na mstari. Waimbaji wa kanisani hupata shida sana hapa, wamefundishwa kwamba kimya ni kosa.

Matamshi nayo yana utajiri wake. Wasoga na Waganda wengi hapa hawasemi «mtu», wanasema «mutu». Mwalimu mmoja wa Kiswahili alitushauri tuwasahihishe. Mimi nilikataa. Ile «m» peke yake inamezwa na ngoma, «mu» inafika hadi mlangoni. Na ile tabia ya kuchanganya «r» na «l» tuliifanya mali: mwenyekiti wa kamati anasimama kuomba kura, kila akifungua mdomo inasikika kula, na kamati inamjibu «Tumekuona!» Utani huo uache kipindi cha kampeni. Nitarudi kwenye hilo.

Kuhusu nyimbo zinazovuma redioni: usichukue mahadhi ya msanii ukabandika maneno yako bila ruhusa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na chama cha watunzi, UPRS, kipo Kampala kwa shughuli hizo. Nyimbo za asili za harusi na za mavuno hazina tatizo hilo, na bibi yeyote Masese atakupa tano kabla chai haijapoa.

Tatu, chagua watu kwa masikio

Usiwaite watu wakuimbie wimbo wa kanisani chumbani. Wapeleke nje, mahali penye bodaboda na jiko la chapati. Msimamishe mtu hatua ishirini kutoka ulipo, mwambie akusimulie siku aliyodhulumiwa pesa. Ukisikia kila neno, mwandike. Mwenye sauti tamu asiyesikika mweke kwenye kwaya, atapendeza huko.

Aliyeigiza Mweka Hazina wetu ni mama anayeuza samaki kwenye mwalo wa Masese. Kuimba kwake ni kwa wastani tu. Lakini ameshatangaza sangara kwa miaka mingi juu ya kelele za injini za mashua, na aliposema «Pesa zipo, ila haziko hapa», watu wa nje ya dirisha walicheka kabla ya wa ndani.

Jihadhari na mchekeshaji wa kujipendekeza, yule anayeongeza maneno yake kila akipata kicheko. Siku ya kwanza anafurahisha. Siku ya tatu wimbo umekuwa na beti zake mwenyewe, wenzake wamesimama wamekunja mikono, na wanamuziki hawajui waingie wapi. Tulikubaliana naye mahali pawili pa kuongeza lake, na pale tu.

Nne, muziki

Tuko Busoga, kwa hiyo kila mtu alitaka embaire. Ni marimba makubwa, yanapigwa na watu kadhaa kwa pamoja, na yakikolea hata ng'ombe husimama. Ndiyo shida yenyewe: hakuna mwimbaji wa kushindana nayo chini ya paa la bati. Tena embaire ina sauti tano zilizogawanywa kwa namna yake, hazilingani na za kinanda. Ukivipiga pamoja utadhani mmoja amelewa. Tuliitumia embaire kufungua mchezo, kuwaingiza wageni wa harusi na kufunga. Wakati wa kuimba maneno tulibaki na adungu moja, endingidi, ile fidla ya uzi mmoja, na ngoma ndogo iliyofunikwa kanga. Adungu, kile kinubi cha West Nile, ni rafiki wa mwimbaji. Inampa sauti ya kushika, kisha inamwachia nafasi.

Wapange wanamuziki pembeni ya jukwaa, wakiwaona waigizaji usoni. Wakikaa nyuma hawaoni mwigizaji anapovuta pumzi, na wakikaa mbele watazamaji wanapaswa kusikiliza kupitia kwao.

Tano, mazoezi

Wiki nane, jioni tatu kwa wiki, zilitutosha. Maliza kabla ya saa mbili usiku. Ukichelewesha akina mama mara mbili, mara ya tatu waume watakuja wao, na hawatakuja kuimba. Tenga pesa za chai na muhogo kabla ya kutenga za mavazi.

Wimbo wa maneno mengi ya kasi ufundishwe hivi. Kwanza useme bila mahadhi, ukipiga makofi. Pili unong'one, nao wote wanong'one, na mmoja asimame ukutani mwa nyuma aseme kama amesikia. Kunong'ona kunalazimisha midomo na ulimi kufanya kazi ambayo sauti kubwa huificha. Mara ya tatu ndipo uimbwe, polepole, na kasi iongezwe siku hadi siku. Sisi tuliruka kunong'ona katika mchezo wa kwanza, tukalipa.

Kwaya isikae kama picha. Mpe kila mjumbe wa kamati kazi: mmoja anafuma, mmoja anahesabu sarafu zilezile, mmoja amelala na huamka tu chakula kikitajwa. Lakini mstari wa kuchekesha ukikaribia, wote watulie. Jicho la mtazamaji hufuata kinachotikisika, na sikio hufuata jicho. Tulipoteza kicheko kimoja kikubwa jioni mbili mfululizo kwa sababu kijana mmoja nyuma alikuwa anafukuza nzi.

Wiki ya sita waite watoto wa mtaa waje watazame. Mtu mzima hucheka kwa adabu. Mtoto akichoka anatoka kwenda kucheza mpira. Andika ni wimbo gani uliowatoa, kisha ukate nusu.

Jambo moja la Kiswahili chetu cha Uganda, na nililijifunza vibaya. Tulikuwa na askari katika mchezo, anakuja kumkamata mweka hazina, na tulimpa Kiswahili cha kambini: «Wewe! Kaa chini! Mikono juu!» Vijana waliangua kicheko. Mstari wa mbele walikaa wazee, na niliwaona kutoka pembeni mwa pazia. Mzee mmoja alishika mkono wa mkewe, na hawakucheka tena hadi mwisho. Kuna watu mtaani kwetu ambao Kiswahili hicho walikisikia mara ya kwanza usiku, mlangoni, miaka ya 1970, zama za Amin. Sikumwondoa askari. Nilimfanya awe mwenye sauti nyembamba, anaomba radhi kila akitoa amri, na pingu zinamshinda kufungua. Jioni iliyofuata wazee wengine wa rika lile walikaa mbele palepale, wakacheka hadi kufuta macho. Fikiria nani ameketi mbele.

Sita, idhini

Barua kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, nakala kituo cha polisi, zikieleza siku, saa na idadi ya watu mnaowatarajia. Ziende wiki tatu kabla. Kama mnapanga kupeleka mchezo kwenye kumbi za mji, ulizeni mapema kuhusu Baraza la Vyombo vya Habari: mwaka 2012 mtayarishaji mmoja alikamatwa Kampala kwa kuonyesha mchezo ambao baraza hilo lilitaka lipitie kwanza. Na kipindi cha kampeni mweka hazina mwizi atafanana na mtu fulani hata kama hukumkusudia. Ahirisha, au mpe shati la rangi isiyo ya chama chochote, kama utaipata.

Mwenyekiti wetu alitupa barua kwa sharti moja, kwamba kwenye mchezo asiwepo mwenyekiti. Tukamwambia ni mwenyekiti wa kamati ya harusi. Akasoma karatasi mara mbili, akagonga muhuri.

Saba, siku, saa na ukumbi

Epuka Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Mvua ikianza juu ya bati, hata vipaza sauti vitasalimu amri. Miezi mingine Ziwa Victoria bado linaweza kukushangaza kwa mvua mchana, kwa hiyo kubalianeni mapema mtafanya nini: sisi tunasimama palepale tulipo, ngoma inaendelea polepole, na yule mjumbe wa kulala anaendelea kulala. Mvua ikipita, tunarudi mwanzo wa wimbo.

Anza saa kumi jioni. Hapa jua huzama karibu saa moja mwaka mzima, kwa hiyo una mwanga wa bure wa saa karibu tatu ukifungua milango na madirisha ya magharibi. Umeme ukikatika hakuna atakayejua ila mwenye spika. Jenereta ikae mbali, nyuma ya jengo, na ipigwe siku moja kabla kwa saa nzima. Yetu ilikuwa nzima kabisa, ila mafuta yalikuwa yameuzwa.

Na kabla hujachapa tangazo, angalia ratiba ya ligi ya Uingereza. Mechi nyingi za Jumamosi zinaanza hapa kwetu saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni kutegemea msimu, na Arsenal ikicheza huna wanaume. Tulihamia Jumapili, tukatazama tena ratiba, tukaomba Mungu.

Maiki mbili zinatosha, kwenye vishikio vifupi ukingoni mwa jukwaa, zikiwaelekea waigizaji. Spika zikae mbele ya maiki hizo, zikiwatazama watu. Zikikaa nyuma, maiki zitalia. Zile maiki ndogo za kubandika shavuni sizipendi. Zinakodishwa ghali, jasho linaziua, na mama wa samaki alisema yake inamkwaruza kama mifupa ya samaki ngege.

Jaza ukumbi kuanzia mbele. Kicheko huambukiza mtu kwa mtu, na watu themanini waliobanana hucheka kuliko mia mbili waliotawanyika. Funga viti vya nyuma kwa kamba hadi vya mbele vijae.

Nane, mavazi na jukwaa

Sitasema mengi. Meza, viti vya plastiki, karatasi ya bajeti kubwa kama shuka. Kila mmoja avae nguo yake ya kwenda harusini. Gharama iende kwenye kitu kimoja cha kuchekesha: sisi ilikuwa pochi ya Mweka Hazina, ambayo inakua kubwa kila anapoingia tena. Tulishona pochi nne. Ya mwisho aliingia nayo akiivuta kwa kamba.

Mwisho wa siku, mlangoni

Kiingilio kiwe cha pesa taslimu au cha simu, lakini mtu mmoja aandike na mwingine ashike, na wasiwe ndugu. Baada ya onyesho, kabla mtu hajabadili nguo, pesa zihesabiwe jukwaani mbele ya kikundi kizima, kwa sauti, na jumla iandikwe kwenye ileile karatasi kubwa ya bajeti. Toa kwanza ya ukumbi, ya mafuta na ya wanamuziki. Kilichobaki mgawane hapohapo.

Mara ya kwanza tulimpa mama wa samaki begi, kwa kuwa ndiye mwaminifu kuliko sote na ana mkono mwepesi wa kuhesabu. Alikuwa bado amevaa mavazi ya mchezo. Watu waliobaki mlangoni walimwona akikumbatia noti, mmoja akapaza sauti «Hazina haina!», na waliokuwa wameshafika barabarani wakarudi mbio kuona nini kimeibiwa. Siku hizi begi anashika askari.